Kupokea seti ya data iliyoshirikishwa kwenye BigQuery: mwongozo kamili kuanzia kiungo hadi jibu sahihi

BigQuery ni huduma ya Google ya kuhifadhi data na kuiuliza maswali. Wanaokwama kwenye kazi ya kupokea data humo hukwama karibu wote mahali pamoja. Mtu ametumiwa kiungo cha data, amebofya kitufe cha kujiunga, na seti imejitokeza upande wa kushoto wa skrini. Anaandika kweri yake ya kwanza, yaani swali linaloandikwa kwa lugha ya SQL, BigQuery inamjibu kwamba seti hiyo haipo. Anaifuta, anajiunga upya, jibu ni lilelile.

Wapo wanaovuka hapo wakaumia mbele zaidi. Kweri inapita bila kosa, ila jibu linasema Dar es Salaam ilinyeshewa milimita 2,540 kwa siku moja, na namba hiyo inaingia kwenye ripoti.

Mfano nitakaoutumia ni data ya hali ya hewa ya GSOD, muhtasari wa kila siku wa vipimo vya vituo vya dunia nzima, inayotolewa na NOAA, idara ya bahari na anga ya Marekani, na kupatikana bure kwa yeyote mwenye akaunti ya Google. Mtoaji wako anaweza kuwa wizara, chuo au kampuni mnayofanya nayo kazi. Hatua hazibadiliki.

Kabla ya yote, shika jambo hili: seti unayopokea haihamii kwako. Unachopewa ni dirisha. Data inabaki nyumbani kwa mtoaji, nawe unaichungulia kupitia mradi wako. Ndiyo maana huwezi kuihariri, ndiyo maana hulipii hifadhi yake, na ndiyo maana mtoaji akifunga dirisha hutabaki na kitu chochote. Ukilikumbuka hili, nusu ya makosa utayaelewa kabla hujamuuliza mtu.

## Andaa haya kwanza

- Akaunti ya Google ileile ambayo mtoaji ameipa ruhusa.
- Mradi wa Google Cloud uliounganishwa na akaunti ya malipo. TiB 1 ya kwanza (takriban GB 1,100) ya data inayosomwa na kweri kila mwezi ni bure, pamoja na GiB 10 za hifadhi. Mazoezi ya mwongozo huu hayafiki hata karibu na hapo.
- API mbili (swichi zinazoruhusu mradi kutumia huduma) zilizowashwa ndani ya mradi huo: BigQuery API na Analytics Hub API, ile ya kushirikishana data.
- Ruhusa ya "BigQuery User" kwenye mradi. Ndiyo inayokuwezesha kutengeneza seti na kuendesha kweri.
- Kiungo au jina kamili la tangazo. Kila seti inayoshirikishwa ina ukurasa wake wenye maelezo. Huo ndio nitakaouita tangazo.
- Kipande cha karatasi. Andika data yako mwenyewe, ile utakayoilinganisha na hii, imehifadhiwa kanda gani, yaani eneo zilipo kompyuta za Google zinazoitunza: US, EU, africa-south1 ya Johannesburg, au nyingine. Utaihitaji kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Hakikisha umeingia kwa akaunti sahihi

Angalia picha ndogo kwenye kona ya juu kulia ya kivinjari. Wengi wetu tuna akaunti mbili zilizofunguliwa pamoja, ya ofisi na ya binafsi, na kivinjari huchagua ile iliyotangulia kuingia.

Mtoaji hutoa ruhusa kwa anwani ya barua pepe, hajui mtu. Kama ameruhusu anwani ya ofisi nawe umeingia kwa Gmail yako ya nyumbani, tangazo la siri halitaonekana kabisa. Hutapata hata ujumbe wa kukataliwa, utaona orodha tupu tu. Hapo ndipo watu wanapoanza kumlaumu mtoaji.

Suluhisho ninalolipendekeza ni kufungua wasifu tofauti wa kivinjari kwa kazi hii peke yake. Dirisha la faragha linafaa pia kwa kujaribu.

Umefaulu ikiwa: ukibofya kiungo alichokutumia mtoaji, jina na maelezo ya tangazo yanafunguka.

## Hatua ya 2: Kagua ruhusa za pande mbili

Ruhusa mbili zinahitajika, na zinatoka kwa watu wawili tofauti.

Ya kwanza inatoka nyumbani kwenu: msimamizi wa mradi wako anakupa "BigQuery User". Ya pili inatoka kwa mtoaji: yeye anakupa "Analytics Hub Subscriber" kwenye tangazo lake. Tangazo la wazi kama hili la NOAA halihitaji hiyo ya pili.

Ujumbe wa kosa utakuambia nani umfuate. Ukitaja `bigquery.jobs.create` au `bigquery.datasets.create`, nenda kwa msimamizi wenu. Ukitaja `analyticshub.listings.subscribe`, mwandikie mtoaji. Ukitaja VPC Service Controls, taasisi yako au ya mtoaji imezungushia data uzio wa usalama, na kazi hiyo ni ya watu wa TEHAMA. Usihangaike nayo peke yako.

Mtumie mhusika ujumbe wa kosa mzima kama maandishi. Picha ya skrini iliyokatwa nusu hupoteza siku nzima ya kuulizana.

## Hatua ya 3: Tafuta tangazo, ulisome

Ndani ya BigQuery, fungua sehemu ya "Sharing" kwenye menyu ya kushoto. Kwa baadhi ya watu bado inaitwa "Analytics Hub". Bofya "Search listings", kisha tafuta `NOAA GSOD`.

Usikimbilie kitufe. Soma ukurasa huo ukitafuta mambo matatu: data iko kanda gani, inahuishwa kila baada ya muda gani, na kama mtoaji amezuia kunakili au kutoa data nje. Zuio hilo likiwepo, unaweza kusoma na kukokotoa lakini huwezi kuhifadhi nakala ya data ghafi, na wakati mwingine hata matokeo ya kweri huwezi kuyapakua. Ni bora ulijue leo kuliko siku ya kukabidhi kazi.

## Hatua ya 4: Jiunge

Bofya "Subscribe". Utaulizwa mradi wa kuweka dirisha lako, na jina la seti.

Chagua jina linaloeleza linakotoka, kwa mfano `hewa_noaa`. Jina la seti hupokea herufi, namba na mstari wa chini. Kistari cha kawaida kinakataliwa. Jina la mradi ni kinyume chake, linapokea kistari na kukataa mstari wa chini. Tofauti hii ndogo itarudi kutusumbua kwenye hatua ya 7.

Baadhi ya matangazo hutolewa katika kanda zaidi ya moja. Ukiona orodha ya kanda, chagua ile uliyoiandika kwenye karatasi. Usipoiona, seti itakaa kanda ya mtoaji, na hilo huna uwezo nalo.

Umefaulu ikiwa: seti `hewa_noaa` imeonekana chini ya mradi wako, na ukiifungua unakuta majedwali yaliyopangwa kwa mwaka, kuanzia `gsod1929`.

## Hatua ya 5: Kanda, mahali wengi wanapokwama

Mtafiti mmoja wa afya alinifuata na kompyuta yake mkononi. "Kaka, seti ninaiona kwa macho yangu. Kwa nini inasema haipo?" Ujumbe wake ulikuwa huu:

```
Not found: Dataset mradi-wangu:hewa_noaa was not found in location africa-south1
```

Soma mwisho wa ujumbe. BigQuery haijasema seti haipo duniani. Imesema haipo *Johannesburg*. Seti ya NOAA iko US, rekodi za kliniki zake ziko africa-south1, naye aliandika kweri moja iliyogusa zote mbili. Kwa kawaida kweri moja huendeshwa katika kanda moja, na kila inachokigusa kinatakiwa kiwe hapohapo.

Sababu ya pili ni nyepesi zaidi. Kwenye mipangilio ya kweri kuna sehemu ya kuchagua kanda, na huenda mtu aliigusa zamani akaisahau. Fungua "Query settings", tafuta "Data location", irudishe kwenye uchaguzi wa moja kwa moja. Anza na hili, kwa sababu linachukua nusu dakika.

Kama kweli data zako ziko kanda mbili, kuna njia mbili: kupeleka rekodi zako US au kuleta hali ya hewa kwako. Nakusihi uchague ya pili, hasa rekodi zikihusu watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zote mbili zinaweka masharti kwa anayetuma taarifa za watu nje ya nchi. Kuzihamisha rekodi za wagonjwa hadi kanda nyingine ili tu kweri ipite ni uamuzi unaohitaji idhini ya wahusika. Mvua haina jina wala namba ya simu, kwa hiyo ihamishe yenyewe.

Fanya hivi:

1. Tengeneza seti yako ya kazi, `kazi_us`, ukichagua kanda ya US. Chagua kwa makini, maana kanda ya seti haibadilishwi ikishawekwa.
2. Endesha kweri ya hali ya hewa peke yake, na uhifadhi matokeo ndani ya `kazi_us`.
3. Peleka matokeo hayo kwenye seti yako ya africa-south1. Kituo kimoja kwa mwaka mmoja ni mistari isiyozidi 366, hivyo pakua CSV kwa "Save results" kisha uipakie upande wa pili kama jedwali jipya. Matokeo yakiwa makubwa, tumia huduma ya kunakili seti, Data Transfer Service.
4. Unganisha sasa, ndani ya kanda yako.

Yule mtafiti alimaliza zoezi zima kabla ya chai ya saa nne.

## Hatua ya 6: Weka kufuli la gharama kabla ya kweri ya kwanza

Mtoaji analipia hifadhi, wewe unalipia kusoma. Katika kanda ya US, bei ya kawaida baada ya TiB ya bure ni dola 6.25 kwa kila TiB inayosomwa.

Hesabu inafuata safu wima (columns) ulizozitaja, haifuati mistari uliyoonyeshwa. Ukiandika `SELECT *` kisha `LIMIT 10`, kwenye jedwali la kawaida unalipia safu zote, mistari yote, halafu unaonyeshwa kumi. Mimi mwenyewe nilijifunza hili vibaya. Nilikuwa nachungulia jedwali pana la mtoaji mmoja kwa `LIMIT`, mara kwa mara, nikidhani ninabana matumizi. Kiwango cha bure cha mwezi kiliisha mchana mmoja.

Weka kinga tatu:

- Soma makadirio. Juu ya kihariri, kabla hujaendesha, BigQuery huandika kiasi cha data kitakachosomwa. Ifanye tabia.
- Weka kikomo kwa kweri. Kwenye "Query settings", chini ya "Advanced options", kuna "Maximum bytes billed". Weka `2000000000`, yaani takriban GB 2. Kweri ikikadiriwa kuzidi hapo inakataliwa, na hutozwi.
- Weka kikomo cha siku kwa mradi mzima, kwenye ukurasa wa "Quotas". Hii ni ya lazima kama mko wengi.

Tahadhari kuhusu arifa za bajeti: zinakutumia barua pepe tu. Hazizimi chochote.

## Hatua ya 7: Kweri ya kwanza, na jibu la kulitilia shaka

```sql
SELECT
  date AS tarehe,
  ROUND((NULLIF(temp, 9999.9) - 32) * 5 / 9, 1) AS joto,
  ROUND(NULLIF(prcp, 99.99) * 25.4, 1) AS mvua_mm,
  flag_prcp
FROM `mradi-wangu.hewa_noaa.gsod2023`
WHERE stn = '638940'
ORDER BY tarehe
```

Namba 638940 ni kituo cha uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Mombasa ni 638200, na uwanja wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ni 637400. Ziweke ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu safu ya `stn` ni maandishi.

Jina la jedwali limezungushiwa alama iliyo juu ya kitufe cha Tab kwenye kibodi nyingi, ile inayoegemea kushoto. Inahitajika kwa sababu ya kistari kilichomo katika jina la mradi. Ukinakili kweri kutoka WhatsApp alama hiyo hutoweka, maana WhatsApp huichukua kuwa amri ya kupamba maandishi. Watu wametazama kweri hiyohiyo saa nzima wasione kilichokosekana. Tumianeni kweri kwa faili au barua pepe.

Sasa tazama hizo `NULLIF`, zinazogeuza thamani uliyoitaja kuwa nafasi tupu. Ndizo zinazotenganisha ripoti nzuri na aibu.

GSOD huandika joto kwa Farenhaiti na mvua kwa inchi. Kipimo kikikosekana haiachi nafasi wazi, inaandika 9999.9 kwa joto na 99.99 kwa mvua. Usipoziondoa, hesabu inazipokea kama vipimo halali. Inchi 99.99 ndizo zile milimita 2,540, mvua inayopita mara mbili ya ile ambayo Dar hupata kwa mwaka mzima. Kwa joto utapata nyuzi 5,538 za Selsiasi. Siku moja ya namna hiyo ikiingia kwenye wastani wa mwezi, wastani wote umeharibika, na wastani hauonyeshi kilichouharibu.

Mvua ina mtego wa ziada. Vituo vingi havitumi sifuri siku isiyo na mvua, vinanyamaza tu, na siku hiyo inapewa 99.99. Kwa hiyo nafasi tupu ndani ya `mvua_mm` inaweza kuwa siku kavu, na inaweza kuwa siku ambayo kipimo hakikutumwa. Tazama `flag_prcp`: herufi I inamaanisha kituo hakikutoa taarifa yoyote ya mvua siku hiyo. Usizigeuze nafasi tupu zote kuwa sifuri kwa mkupuo mmoja. Zihesabu kwanza, na idadi yake iandikwe kwenye ripoti karibu na jumla ya mvua.

Umefaulu ikiwa: mistari haizidi 365, joto la Dar linacheza kati ya nyuzi 22 na 31, mvua kubwa zinaangukia zaidi miezi ya masika na vuli. Namba yoyote ya mvua inayofika maelfu ina maana `NULLIF` haikufanya kazi, na mara nyingi ni kwa sababu umekosea desimali.

Zoea hili kwa kila seti unayopokea, hata ikitoka kwa mtoaji unayemwamini. Tafuta kwanza namna anavyoandika "sijui". Kuna wanaotumia -1, kuna wanaotumia 999, kuna wanaotumia tarehe 1 Januari 1900.

## Hatua ya 8: Wape wenzako ruhusa

Kwenye seti `hewa_noaa`, bofya "Share", kisha sehemu ya ruhusa, ongeza kikundi cha barua pepe cha timu yako, na ukipe "BigQuery Data Viewer". Tumia kikundi badala ya majina ya watu, ili anayeondoka kazini aondoke pia kwenye data.

Halafu, kwenye mradi, kipe kikundi hichohicho "BigQuery Job User". Hapa ndipo wengi husahau. Ya kwanza inawaruhusu kuiona data, ya pili inawaruhusu kuuliza. Aliyepewa ya kwanza tu ataona majedwali yote na hataweza kuendesha hata kweri moja.

Kumbuka kwamba kila kweri ya mwenzako inayoendeshwa kwenye mradi wako inalipwa na mradi wako.

## Mtoaji akibadilisha kitu

Akiongeza jedwali, utaliona bila kufanya chochote. Akibadili jina la safu, kweri zako za jana zitavunjika leo.

Akikuondolea usajili au akifuta tangazo, jina la seti linaweza kubaki kwenye orodha yako lakini halitasomeka tena, na hakuna nakala ya kurudia. Kwa hiyo matokeo yoyote unayoyategemea yahifadhi kwenye seti yako ya kazi, kama masharti ya mtoaji yanaruhusu, na uandike tarehe ya siku uliyoyasoma. Nimeona kazi ya miezi mitatu ikisimama kwa sababu kila jedwali la ripoti lilikuwa likisoma moja kwa moja kupitia dirisha la mtoaji, na mkataba wake uliisha usiku.

Ukimaliza kazi na huihitaji tena, ifute seti uliyounganisha kwenye mradi wako. Kinachofutika ni dirisha peke yake. Data ya mtoaji haiguswi, na kama ruhusa bado ipo unaweza kurudi kwenye tangazo na kujiunga tena.